Upinde Nilioutoa Nje

Mwende wangu,

Nimeharibu pinde mbili katika maisha yangu. Mmoja ulikuwa wa babu yangu, na wa pili ni huu wa Sensei, mwalimu wako. Habari ya ule wa kwanza huijui. Huu wa pili unadhani uliuharibu wewe. Kwa hiyo kaa chini usome, hata kama Kiswahili unakisoma polepole ukisogeza midomo kama unavyosoma meseji za nyanyako.

Mambo ya soksi za sufu, dawa ya pumu na nani umpigie ukitua, nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, iko kwenye mlango wa friji. Sitaki kuyachanganya na haya. Na nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza neno la kuomba msamaha nalisema mara hamsini kila zamu. Nikimgeuza mzee kitandani, sori. Nikimvuta soksi, sori. Limekwisha ladha mdomoni mwangu.

Nakuandikia mchana. Nimetoka kazini asubuhi, sijalala, nimekaa hapa mezani jikoni na sare bado mwilini. Umeniachia ujumbe kwamba unarudisha vitabu vya maktaba, unamuaga rafiki yako, halafu saa kumi utakuwa mjini Saint Paul kwa Sensei, kumwomba msamaha uso kwa uso kabla ya ndege ya kesho. Ndiyo inayonichoma hiyo. Unakwenda kupiga magoti na kuinama mpaka paji la uso liguse sakafu, kwa kosa langu.

Nianze na Jumamosi.

Wakati kina mama wa kanisa walipokuja kukuombea safari, ulidhani ni Mama Kasyoka aliyelipanga jambo lile. Ni mimi. Na uongo wa unesi pia ni wangu, haukutokana na mtu kusikia vibaya kama nilivyokwambia. Wiki mbili kabla, tukiwa kwenye ngazi za kanisa tunasubiri watu watoe magari, Mama Kasyoka aliniuliza, "Huyu Mwende anaenda Japani kufanya nini huko mbali hivyo?" Nikajibu kabla sijafikiri, "Kusomea unesi."

"Japani kuna unesi?"

"Tena wa hali ya juu," nikasema.

Akapiga vigelegele pale pale kwenye theluji. Ningemwambia nini? Kwamba binti yangu, niliyembeba nikiwa kidato cha tatu nikaacha shule kwa ajili yake, anakwenda kukaa mwaka mzima kwenye mji mdogo wa milimani kufagia uwanja wa bibi mmoja na kujifunza kupiga mishale? Mwana wa Mama Kasyoka ni mfamasia. Nilikuonea haya, Mwende. Naliandika neno hilo lilivyo. Sikukuogopea. Nilikuonea haya.

Basi Jumamosi pilau iko mezani, chapati zimefunikwa, wageni wanapaki huko chini, nageuka naona upinde wa Sensei umesimama kwenye kona ya sebule ndani ya mfuko wake wa kitambaa, mrefu kupita mlango. Wewe ulikuwa umeshuka kuwapokea na kubeba soda. Nikajua kitu cha kwanza Mama Kasyoka atakachouliza ni kile. Nikajaribu kabati la makoti, haukuingia. Nikajaribu bafuni, nikaulaza kwenye beseni la kuogea, ncha ikatokeza mlangoni. Nikasikia vicheko vyenu kwenye ngazi. Nikafungua mlango wa balkoni, nikausimamisha nje kando ya kile kiti kilichovunjika, nikavuta pazia.

Unajua baridi ya siku ile. Hata kope zilikuwa zinagandana. Nikajiambia, ni saa moja tu.

Na watu wetu unawajua. Kila mama alikuwa na neno, kila neno lina wimbo wake, mke wa mchungaji akaziombea hospitali zote za Japani na wagonjwa waliomo. Zaidi ya saa nne. Nilikusikia ukisema amina. Kisha Mama Kasyoka akakushika mkono akasema, "Muuguzi wetu! Ukirudi utatudunga sindano taratibu, sawa?" Ukanitazama. Mimi nikaangalia chapati. Ukasema, "Sawa, Anti." Wewe ambaye hata daktari wa meno akikuuliza kama unapitisha uzi kati ya meno kila siku unamwambia ukweli.

Walipoondoka, ukashuka kuwasaidia kubeba masufuria, nikauingiza upinde ndani. Kitambaa kilikuwa kigumu kama kadibodi. Nikaushika ndani yake, baridi kama chuma. Na hapa ndipo nilipoongeza ujinga juu ya aibu: nikauegemeza kwenye hita, nikaipandisha mpaka mwisho ili upate joto haraka kabla hujarudi. Nikajiona mwerevu. Ulipopanda, ulikuwa umesimama kwenye kona yake kana kwamba haujatoka.

Jumatatu ukaenda nao kwenye mazoezi ya mwisho. Ukarudi mapema. Mimi nilikuwa nafunga viatu niende kazini.

"Mum, nimevunja upinde wa Sensei."

"Umevunjika vipi?"

"Umefunguka ubavuni. Nilikuwa naukunja tu nitie kamba, nikasikia mlio. Lazima niliukunja vibaya."

"Pole, mama," nikakwambia. "Vitu vya zamani huharibika."

Ukakaa sakafuni na koti lako. Ukasema, "Umemzidi nyanya umri. Umepita mikononi mwa watu wote hao, haukuharibika. Umeharibika kwangu."

Na mimi nikakuuliza utakula wali au ugali.

Nililisikia swali lile likitoka. Nilikuwa na nafasi ya kusema, mlango ulikuwa wazi kabisa, nikauziba kwa wali. Nikaendesha gari mpaka kazini nikiwa na nafuu, Mwende. Ndiyo, nafuu. Nilijiambia umepata maelezo yako, umeridhika nayo, mambo yameisha.

Hayakuisha. Ulimtumia Sensei picha usiku ule. Jana ukaniambia, bila kulalamika, ukikunja nguo zako, kwamba Sensei amemwandikia yule bibi wa Japani kumweleza kilichotokea, na kwamba miezi mitatu ya mwanzo hutagusa shabaha. Utarudishwa kwenye marobota ya nyasi ya wanaoanza, ujifunze upya kufunga kamba. Ukasema ni haki. Na kwa fundi wa pinde wa huko, ambaye babu yake ndiye aliyeutengeneza upinde huo, ambaye Sensei alikutuma umrudishie akauone kwa sababu miguu yake mwenyewe haiwezi tena safari, kwa huyo utafika na upinde uliopasuka mkononi na kusema, "Ni mimi."

Najua ile nyasi maana yake nini kwako. Hukujua kwamba najua. Unakumbuka ile siku niliyokuja kukuchukua dojo, kwenye ukumbi wenu wa mazoezi, mwaka wako wa kwanza? Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo. Nikaingia na buti zangu zinadondosha maji ya theluji kwenye zile mbao. Wewe umesimama hatua mbili tu kutoka kwenye robota la nyasi, unavuta polepole kama mtu anayefungua dirisha chumba cha mgonjwa, unaachia, mshale unaingia kwenye nyasi. Kisha unabaki vile vile, mikono imenyooka. Nikasema kwa sauti mbele ya watu wote, "Mshale umeshakwenda, sasa unangoja nini?" Nikacheka. Nikamuuliza Sensei, "Mwaka mzima anapiga nyasi? Hata mbuzi wa kwetu wangekuwa wameshaila." Wenzako wakanitazama. Sensei akaleta kitambaa, akapiga magoti, akapangusa maji ya buti zangu. Mzee wa umri ule. Nikamwacha apanguse.

Kwenye gari nilidhani umenikasirikia. Nilipokutazama nikaona umenionea haya. Nilikijua kile kitu usoni mwako kwa sababu nimekivaa miaka mingi.

Sasa nikwambie nilikipata wapi.

Ulipokuwa darasa la nne ulileta karatasi ya shule, uandike watu wenu wa zamani walikuwa wanafanya nini. Nikakwambia, walikuwa wakulima tu. Ukaandika wakulima, ukachora jembe. Mwende, babu yangu alikuwa fundi wa pinde. Kule kwetu Kitui watu walitembea siku nzima kuja kwake. Aliupara mti kwa kipande cha chupa, taratibu, siku nyingi, akiupaka mafuta na kuuzungusha juu ya moshi, na uzi wake ulikuwa wa mshipa wa ng'ombe, aliousokota akiutafunatafuna ulainike. Alikuwa na wake mwenyewe mmoja, mweusi kwa kushikwa. Mimi nilikuwa mjukuu aliyekaa naye. Aliniweka kidole mahali pake kwenye uzi, akasema, "Usishindane nao. Ukishindana nao utakushinda." Nilikuwa napenda ile harufu yake ya moshi na samli. Wewe ulipoleta mfuko wa upinde nyumbani mara ya kwanza niliingia chooni nikafungua maji nisisikike. Ulidhani nina mafua.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja wakaja watu wa mkutano wa injili. Wakahubiri siku tatu, siku ya mwisho wakawasha moto, wakasema kila mwenye kitu cha giza nyumbani akilete. Watu wakaleta vibuyu, hirizi, mikia ya nyumbu. Wasichana wa shule walikuwa wananiita mtoto wa mishale. Nilitaka waache. Nikakimbia nyumbani, nikapanda juu ya kinu, nikautoa upinde wa babu darini, nikaupeleka mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nikautia motoni kwa mikono yangu, watu wakapiga makofi, wale wasichana wakanikumbatia. Mti ule ulikuwa umelowa mafuta miaka na miaka. Uliwaka kwa uzuri, Mungu anisamehe, kila mtu alisema jinsi ulivyowaka.

Babu alirudi jioni akatazama juu darini. Akauliza, "Nani ameugusa?" Nikasema sijui.

Nyumba nzima aliyekuwa ameokoka ni shangazi yangu Ndinda peke yake. Babu akaamua ni yeye. Shangazi akakana, akaapa, akalia. Babu hakumpiga wala kumfukuza. Aliacha tu kula chakula kilichopikwa na mkono wake. Miaka minne, mpaka alipokufa, shangazi anapika, babu anasukuma sahani. Na mimi nimekaa katikati yao nakula.

Ndiyo maana nakwambia, kuunguza upinde ule hakunisumbui sana. Nilikuwa mtoto, na wakubwa walikuwa wamesimama pale wakipiga makofi. Kinachonisumbua ni zile sahani. Kila jioni kulikuwa na nafasi ya kusema, na kila jioni nilikuwa na njaa.

Sasa unajua kwa nini nilicheka pale dojo. Unajua kwa nini nilisema unesi. Ulikuwa umekwenda kukitafuta ng'ambo ya dunia, kwa wageni, kwa heshima na kwa magoti, kitu ambacho mimi nilikuwa nacho darini kwetu nikakitia moto ili nipendwe. Kila ulipovuta uzi mimi nilisikia makofi. Hukujua. Ungejuaje, nilikwambia wakulima.

Kuna jambo moja nataka ulibebe, na silisemi kama mtu aliyeliweza. Watu wa kule watakusifu kwa adabu. Utavua viatu, utainama, utapokea kikombe kwa mikono miwili, watauliza umelelewa na nani. Angalia sana hiyo adabu yako. Sehemu yake uliipata kwa Sensei, hiyo ni nzuri. Sehemu nyingine uliipata kwangu, na ya kwangu ni woga wa watu uliovaa nguo safi. Ndiyo iliyosema "Sawa, Anti." Ndiyo iliyokufanya ubebe kosa bila hata kuuliza, "Mum, kwani upinde huu ulikuwa wapi Jumamosi?" Mtu mwingine angeuliza. Mimi nilikufundisha kwamba kitu kikiharibika, mtoto mzuri anasema ni mimi. Usiwe mzuri kiasi hicho. Ukikosa, sema mapema, kabla hujapewa chakula. Usipokosa, nyanyua kichwa ngoja wamtafute mwenyewe.

Nimeacha kuandika kidogo, nimempigia Mama Kasyoka. Nilitaka kujaribu kusema ukweli kwa mtu ambaye siyo wewe, nione kama sauti inatoka. Nikamwambia, "Mwende haendi kusomea unesi. Anaenda kujifunza upinde."

Akauliza, "Upinde wa kuwindia?"

"Hapana. Wa kusimama nao. Ni utamaduni wao."

"Kwa hiyo sisi Jumamosi tuliombea nini?"

"Uongo wangu."

"Saa nne nzima, Mama Mwende! Na magoti yangu haya!" Kisha akauliza, "Na mtoto alijua?"

"Alijua. Nilimnyamazisha."

"Hiyo ndiyo mbaya," akasema. "Ya unesi tutacheka mwakani. Hiyo nyingine, sijui." Akasema atawaambia wenzake yeye mwenyewe, na kesho uwanja wa ndege atakayekuja atakuja. Sijui watakuja wangapi. Labda tutakuwa wewe na mimi na masanduku.

Halafu nimempigia Sensei. Sikuwa nimepanga. Vidole vilikuwa bado vimeshika simu.

Nilimwambia yote, na Kiingereza changu kikivunjika kila mahali. Nilidhani atanipa maneno ya wazee, unajua, ya kunituliza. Badala yake alianza kuniuliza maswali kama nesi wa zamu ya mapokezi.

"Ulikaa nje muda gani?"

"Zaidi ya saa nne."

"Ukiwa na kamba au bila kamba?"

"Bila."

"Halafu?"

"Nikauegemeza kwenye hita."

"Ncha ya juu au ya chini?"

"Ya chini."

"Ndiyo," akasema. "Ni hapo gundi ya vipande vyake ilipoachia." Kisha akasema, "Nimekasirika."

"Najua."

"Baba yangu aliubeba mapajani melini kutoka Japani. Huwezi kuulipa."

"Najua, Sensei."

"Fundi akidhani ni mkono wa binti, atauangalia kwa jicho moja. Akijua ni baridi na moto, atauangalia kwa jicho lingine, pengine ataufungua na kuutia gundi upya. Pengine hataweza." Nikamsikia akitafuta kalamu. "Leo hii namwandikia yule bibi barua nyingine. Binti yako harudishwi kwenye nyasi kwa sababu ya barua yangu ya kwanza." Nikaanza kushukuru, akanikata. "Lakini mimi sitamwambia. Anakuja hapa saa kumi kuniomba msamaha. Nitamwacha aombe, isipokuwa kama kuna mtu hapa wa kumzuia."

Mwende, nikwambie ukweli wa mwisho. Nilipoanza barua hii nilikusudia kuitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lako, uikute ukiwa juu ya bahari, mahali ambapo huwezi kunitazama na mimi siwezi kukuona ukisoma. Nilikuwa nimeshapanga na maneno: usifungue mpaka ndege ipae. Leo ungeinama kwa Sensei, kesho ungepanda, na huko angani ndipo ungejua. Hata kuungama kwangu nilikuwa nimekutafutia balkoni.

Shangazi Ndinda nitampigia keshokutwa. Sasa hivi kwao ni usiku, na ya kwake ni miaka ishirini na minne, siwezi kumwamsha nayo. Ukinipigia ukifika, niulize kama nimempigia. Uniulize kwa ukali, usikubali nikuulize umekula nini.

Barua nitakupa hata hivyo, kwa ajili ya babu, maana mbele yako najua nitaishiwa pumzi kabla sijafika kwake. Jina lake lilikuwa Mzee Munyoki. Ukikaa na yule fundi, akikuuliza umetoka kwa watu gani, mwambie mtu wa kwanza kushika upinde katika ukoo wenu siyo wewe.

Ni saa tisa na robo. Gari nimeliwasha huko chini lipate joto, barabara wameshaimwagia chumvi ya kuyeyusha barafu. Sitakutumia ujumbe kukwambia unisubiri, kwa sababu nikianza kuandika ujumbe nitatafuta maneno matamu. Wewe njoo na basi lako kama ulivyopanga. Vua viatu, fungua mlango. Utanikuta nimetangulia, niko chini sakafuni, mahali ulipokuwa unakwenda kuinama wewe.

Ni mimi niliyekuzaa, na niliyeutoa nje,
Mamako